Oili Iliyokwama Juu

Katapila ilichemka mara ya tatu kabla ya saa nne asubuhi. Injini ilikuwa salama. Ni sanduku la gia ndilo lililopata moto hadi rangi ikaanza kubabuka, na gia ya mbele ikawa inateleza: dereva anaingiza, mashine inanguruma palepale iliposimama.

Mvua ilikuwa imeangusha kipande cha mlima barabarani, kati ya Magara na Minago. Miaka ile ya kwanza ya uhuru, upande wetu wa ziwa ulikuwa na katapila hiyo moja tu. Ng'ambo ya kifusi wanawake wa Minago walikuwa wameketi na madebe yao ya mawese tangu juzi, wakitutazama.

Shefu wetu, mkuu wa mafundi, mzee mzaliwa wa Uvira aliyefundishwa kazi na Wabelgiji, alikuwa ameshaamua.

"Radiata iko imeziba. Tutaandika Bujumbura walete ingine."

Radiata tulikuwa tumeisafisha mara mbili. Mimi, fundi wake wa pili, sikuwahi kumpinga mbele ya watu. Lakini asubuhi ile nilikuwa nimeona jambo. Kabla ya kuwasha, kijiti cha kupimia kilionyesha oili imejaa kwenye sanduku. Baada ya saa moja ya kazi, kilitoka karibu kikavu. Nikainama chini ya mashine: hapana hata tone. Ilipozimwa ikapoa, nikapima tena. Oili imerudi.

"Shefu," nikasema, "oili haipotei. Iko inakwama juu, haishuki."

"Inakwama? Oili iko mbuzi, ikwame kwenye miiba?"

Dereva akacheka. Masikio yakanichoma, lakini nilikuwa nimeshaanza.

"Tuwashe mara moja tu, mzee. Ikichemka, nafungua kizibo cha chini ingali moto. Ikimwagika debe nzima kwa mara moja, nanyamaza."

"Washa," shefu akamwambia dereva.

Ilipochemka dereva akaizima; nikajifunga gunia mkononi, nikaweka debe chini, nikafungua. Oili ikaruka kwa nguvu, halafu ikafifia ikawa uzi. Kwa mruko ule haikufika robo ya debe, na sisi tulikuwa tumetia debe zima. Uzi ule haukukatika. Shefu akachuchumaa akiutazama mpaka debe likakaribia kujaa.

"Basi kuna mlango umefungwa," akasema polepole.

Mlango wenyewe niliufahamu kabla hajamaliza kusema. Kati ya injini na sanduku la gia kuna chumba ambamo oili huzungushwa, kisha hushuka kwa bomba nene kurudi chini. Isiposhuka, huchapwa humo humo hadi ichemke. Bomba hilo tulilifungua mwezi uliopita, gasketi yake, ile karatasi nene ya kuziba maungio, ikachanika, na aliyekata mpya ni mimi. Ilikuwa Ijumaa, adhana ilikuwa karibu, nikatoboa kwa msumari nikakimbilia msikitini. Tangu siku ile mashine haikuwa imepata kazi nzito kama hii.

Nikalegeza nati nne, nikalivuta bomba. Gasketi ilikuwa imekaa pale kama kifuniko, na katikati yake kitundu kisichopitisha hata kidole cha mwisho.

"Nani alikata hii?"

Ningeweza kusema joto limeivimbisha.

"Ni mimi, shefu."

Dereva hakucheka safari hii. Mzee akaigeuza gasketi mkononi, akaitupa. Akachomoa kisu chake kiunoni, akanipa.

"Kata ingine. Kidole gumba kipite."

Nilikata, nikapitisha kidole gumba mara tatu. Tukaichuja oili kwa kitambaa, tukairudisha. Adhuhuri mashine ikaingia kazini. Kila baada ya muda nilipanda nikaweka kiganja kwenye sanduku: vuguvugu, kama chungu cha uji kilichoepuliwa zamani. Kijiti kikatoka kimelowa palepale kilipostahili. Saa kumi na moja jioni kifusi cha mwisho kilisukumwa ziwani, maji yakaruka, na ng'ambo vikapasuka vigelegele.

Wanawake walipita na madebe kichwani, wakitushukuru, "Murakoze! Murakoze!" Mmoja wao, mama wa makamo, akasimama mbele ya shefu, akamkabidhi fungu la mikeke mikavu, samaki wa ziwa letu.

Mzee hakupokea. Akaninyooshea kidole mimi, niliyekuwa nimepakaa oili hadi kwenye nyusi.

"Mupe huyu, mama. Mimi nilitaka radiata."

Nikapokea kwa mikono miwili. Sikujua niifiche wapi furaha yangu, nikaitazama barabara.