Firigisi Niliyoichora Amalemba

Kikundi chetu cha waandishi hukutana Jumamosi katika ukumbi mdogo pale Amalemba, na siku hiyo tulikuwa tumemwalika mwanasaikolojia. Alitugawia kalamu za rangi kama watoto wa chekechea, akatuambia tufumbe macho, tuvute pumzi, kisha tuchore kile ambacho nafsi inakitamani. Tusifikiri.

Nilikuwa na sababu ya kutii. Mshairi aliyeketi kando yangu alikuwa ameomba kuja kwetu Iguhu awaone wazazi wangu, na sikuwa nimempa jibu. Katika riwaya yangu nilikuwa nimemmiminia mapenzi kurasa kwa kurasa. Lakini yeye mwenyewe, na soksi zake zisizofanana, sikujua kama ninamtaka.

Mkono ukachora. Duara la zambarau, limepasuka katikati, manjano kwa ndani.

"Tazameni moyo huu," mwanasaikolojia akasema kwa sauti ya msibani. "Umegawanyika. Dada, nani alikuumiza?"

Ukumbi mzima ukaguna kwa huruma. Mtu akanipa kitambaa, nami, kwa adabu, nikapangusa jicho kavu.

Mshairi akaniinamia sikioni. "Huo si moyo. Hiyo ni imondo."

Imondo ni firigisi. Kwetu, kuku akichinjwa, hiyo ni ya baba. Utoto wangu wote niliisindikiza kwa macho kutoka sufuriani hadi sahanini mwake. Niliwahi kumwuliza mama ina ladha gani. "Nitajuaje?" akasema.

"Umejuaje?" nikamnong'oneza mshairi.

"Umechora hata ile ngozi ya manjano ya ndani."

Nikamwambia aje Jumapili.

Alikuja na suti ya kuazima. Mama alimpakulia ugali na kuku, na juu kabisa, kwa heshima ya mgeni, akaweka imondo. Baba aliitazama ikimpita kama mtu anayeaga jamaa. Mshairi akaitazama, akanitazama mimi, kisha akaitia mdomoni. Nzima.

"Tamu sana, mama," akasema, shavu limevimba.

Nikaondoa sahani yake kabla hajamaliza ugali. Nilikuwa nimeshamfuta kwenye riwaya yote, hadi ukurasa wa shukrani.

Alinifuata nyuma ya jikoni. Akatoa leso mfukoni, akaifungua: nusu ya imondo, yenye alama za meno na uzi mmoja wa suti.

"Baba yako alinikazia macho," akasema. "Ningeikatia wapi?"

Nikaila palepale. Ilikuwa ngumu kama kandambili, na ilinuka dawa ya nondo.

"Tamu?"

"Mbaya kabisa."

"Hata mimi nimeshangaa. Sasa baba yako huwa anaringia nini?"

"Nyamaza," nikasema, nikitafuna polepole ili isiishe.

"Nyinyi wawili!" mama akaita kutoka ndani. "Mnafanya nini huko nyuma?"

Mdomo wangu ulikuwa umejaa. Ikabidi ajibu yeye kwa niaba yetu.

"Tunakuja, mama!"