Tumegoma Pikipiki, Hatukugoma Mabega

Placidius wa Ihanda ni mbishi, na ubishi huohuo ndio uliompa uenyekiti wa bodaboda. Basi walipofukuzwa kwenye kijiwe chao cha barabarani, yeye ndiye aliyetangaza mgomo: hakuna kuwasha pikipiki. Siku ya kwanza tu, dereva mmoja akapita na pikipiki, amebeba "mgonjwa" ambaye baadaye alionekana mnadani akinunua mbuzi. Placidius akawaka. "Kuanzia leo, hata mgonjwa hapandi!"

Haya. Kesho yake asubuhi mkewe, Noela, akaja mbio walipokaa wagomaji, khanga inamvuka.

"Baba Ainebyona, mama malaria imempanda kichwani! Anaita watu waliokwisha kufa!"

Huyo ni Benadeta, mama mkwe wa Placidius. Kwa heshima ya ukwe hawakuwahi hata kukaa benchi moja. Kituo cha afya kiko mbali, na mwenyekiti amejifunga kwa mdomo wake mwenyewe. Wenzake wote wakamtazama. Akatoa ufunguo mfukoni.

"Naiwasha. Uenyekiti chukueni."

"Utamkalishaje?" akauliza Leonidas, dereva mwenzake. "Mtu amelegea. Aegemee mgongo wa mkwewe?" Watu wakaguna. "Sisi tumegoma pikipiki, hatukugoma mabega. Machela ya kijiji iko wapi?"

Loo! Mbona hakuna aliyeikumbuka? Ile machela ya miti, iliyobeba wagonjwa kabla bodaboda hazijaja, ilikuwa imelala darini kwa jirani. Wagomaji wakaishusha, wakamlaza bibi wa watu, wakaondoka mbio wakipokezana, wakiteleza kwenye tope la migombani. Placidius alikuwa mbele, na kila aliyetaka kumpokea alimfukuza. Njia nzima alimwomba Mungu, mama wa watu asife kwa sababu ya mdomo wake.

"Mmemuwahi," akasema daktari.

Placidius akakaa chini palepale. Akalia bila aibu, akacheka, akalia tena. Uzito ulimtoka kifuani mpaka akaomba maji ya kunywa.

Jioni Benadeta akafumbua macho, akamwona mkwewe mlangoni, ameinamisha uso. Siku zote maneno yao yalipitia kwa Noela. Leo akamsemesha mwenyewe.

"Mwanangu, gomeni mpaka mrudishiwe kijiwe chenu. Ila pikipiki moja iacheni kwa wagonjwa."

"Shikamoo, mama," ndilo neno pekee lililomtoka Placidius.

Kesho yake mgomo uliendelea. Pikipiki iliyoachwa kwa wagonjwa ilikuwa ya kwake.