Namba Iliyohama na Kubaki Palepale

Wakati huo nilikuwa winga pale Msimbazi, Kariakoo, na nilijihesabu kuwa najua maana ya kuhamisha kitu kuliko mtu yeyote Afrika Mashariki, pengine hadi Madagaska. Winga hana duka, hana mtaji, hana hata pa kukaa. Ana mdomo na miguu. Mteja anasimama kivulini, anasema anataka kiatu cha ngozi cheusi, namba arobaini na mbili. Mimi nazama kwenye duka lililo karibu, nachukua kiatu cha kulia, narudi nacho mbio kabla mteja hajashikwa mkono na winga mwingine. Cha kulia peke yake. Cha kushoto kinabaki rafuni kama dhamana, maana mwizi wa mguu mmoja bado hajazaliwa. Mteja akikataa, kiatu kinarudi palepale kilipotoka, tena upesi, kwa sababu duka lililobaki na kiatu kimoja cha kushoto ni duka lenye kesi, na mshitakiwa ni mimi.

Mwenye duka ambaye nilichukua viatu vyake mara nyingi zaidi alikuwa mama mmoja wa Kilimanjaro, mrefu, mwenye sauti ya kusimamisha lori. Duka lake lilikuwa chini, stoo ghorofa ya nne jengo la nyuma, halina lifti, na ngazi zake nyembamba hivi kwamba mtu mwenye mwili akianza kupanda, jengo zima linasubiri. Alikuwa amenunua kompyuta ya dukani. Ilikaa pale imefunikwa kitambaa cha kufuma kama mgonjwa aliyelala, kwa sababu hakuna aliyejua kuitumia, na yeye hakutaka kumweka mtu wa kubahatisha. Siku moja akaniambia mbele ya mawinga wenzangu:

"Wewe si unasoma jioni? Niletee cheti nikupe kiti humu ndani. Bila cheti, endelea kuungua hapo nje."

Kiti chenyewe kilikuwa cha plastiki, lakini kilikaa chini ya feni. Mtu ambaye hajawahi kusimama barabara ya Msimbazi saa nane mchana, jua likikukaanga kama mhogo na vumbi likikupaka chumvi, asiniulize nilikipendea nini.

Chuo chetu kilikuwa ghorofani, upande wa Mnazi Mmoja, madarasa yanaanza maduka yakifungwa. Tulikuwa watu wazima tuliochoka. Masomo nilikuwa nayamudu vizuri tu. Kuchapa nilichapa mpaka vitufe vikafutika herufi. Mitandao nilipita, hesabu nilipita, hata lile somo la maadili ya kazi nilipita, jambo lililowashangaza walionifahamu. Likabaki moja tu: muundo wa kompyuta.

Mwalimu wa somo hilo alikuwa kijana mwembamba, mpole mpaka unamwonea huruma. Akachora ubaoni, upande wa kulia, safu ndefu ya visanduku, kila kimoja na anwani yake. Akasema hiyo ndiyo kumbukumbu. Upande wa kushoto akachora visanduku vinne tu. Hizo ni rejista.

"Kumbukumbu ni kubwa lakini iko mbali," alisema. "Rejista ni chache, ila zimo ndani ya prosesa yenyewe, mkononi mwa anayefanya kazi. Hesabu zote zinafanyika kwenye rejista. Na katika mashine yetu hii, namba hairuki kutoka kisanduku kimoja cha kumbukumbu kwenda kingine. Lazima ipite kwenye rejista."

Amri zenyewe alituwekea kwa Kiswahili. LETA, ukitaka namba itoke kwenye kumbukumbu iingie rejista. WEKA, ukitaka itoke rejista iende kwenye kumbukumbu.

Nikanyoosha mkono. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyekuta shangazi yake ndiye msimamizi wa mtihani. Nikamwambia, "Mwalimu, hiyo rejista ni winga. Kumbukumbu ni stoo ya ghorofa ya nne. Winga hana chake, ila hakuna kinachouzwa bila kupita mkononi mwake."

Darasa zima likacheka. Mwalimu akatabasamu, akasema, "Kwa leo tukubali hivyo."

Nilitembea kurudi nyumbani nikiwa na shahada kichwani.

Mtihani ulipokuja, tuliambiwa tufuatilie programu hatua kwa hatua na kuandika, baada ya kila amri, kila kisanduku kina nini. Amri ya kwanza: LETA kisanduku cha saba kwenye rejista ya kwanza. Nikaandika namba yake, thelathini, kwenye rejista, na kwenye kisanduku cha saba nikapiga mstari. Tupu. Kitu kimetoka. Kisha nikaendelea vivyo hivyo, na pale nilipotakiwa kutunga programu yangu mwenyewe, kila namba niliyoichukua niliirudisha ilikotoka baada ya kuitumia. Programu yangu ilikuwa ndefu kama treni ya mizigo, ila adabu ilikuwa nayo.

Karatasi ilirudi na wino mwekundu wa kutosha kupaka geti. Nikamfuata mwalimu mezani.

"Mwalimu, mbona hapa nimekosa?"

"Kisanduku cha saba hakiko tupu."

"Si nimeileta namba?"

"Umeileta."

"Imetoka wapi?"

"Kisanduku cha saba."

"Basi cha saba kiko tupu."

"Hapana. Bado kina thelathini."

"Na rejista ina nini?"

"Thelathini."

Nikamtazama nikidhani ananitania. Hakuwa mtu wa utani. "Mwalimu," nikamwambia, "nikikuletea kiatu kutoka dukani halafu kiatu hicho hicho kiko dukani, kule Kariakoo tunaita watu wa maombi."

"Si kiatu," akasema kwa ule upole wake. "Na huku chini unarudisha namba ambazo hazikuondoka. Unapoteza amri bure."

Nilifeli. Sheria ya chuo ilikuwa kurudia mtihani mara moja tu. Ukianguka tena, unaanza mwaka upya, na ada upya. Nilipomweleza yule mama wa duka, alikuwa anafunga mzigo wa mteja wa mkoani, hakuinua hata macho.

"Mtoto wa shemeji yangu anamaliza cheti chake Moshi," alisema. "Wiki ya mtihani wako ikipita huna kitu, namwita yeye. Kompyuta itanifia humu."

Tangu siku hiyo sikulala vizuri wala kuuza vizuri. Mawinga wenzangu wakaanza kuniita Profesa Tupu. Mteja akiomba kiatu, mmoja wao anapaza sauti: "Mletee, lakini kibaki dukani."

Darasani tulikuwa na dada mmoja ambaye familia yake, Waarabu wa hapa hapa mjini, ilikuwa na steshenari Upanga, karibu na hospitali kubwa. Yeye swali lile lililoniua hakuliona hata kama swali. Nikamwomba anisaidie, akaniambia niende Jumamosi. Nilimkuta kazungukwa na watu wenye barua za rufaa na kadi za bima, wote wanataka kopi, wote wana haraka. Akanipa stuli, akaendelea kutoa kopi huku ananifundisha.

"Ona," akasema, akichukua barua ya mzee mmoja, akaifunika kwenye mashine, akamrudishia barua pamoja na kopi. "Mzee, barua yako imepungua kitu?"

"Haijapungua, binti yangu."

"Umesikia, winga?"

"Nimesikia. Lakini wewe umetumia karatasi nyingine. Hiyo namba ya pili kompyuta inaipata wapi? Nani ameileta? Stoo gani?"

"Wewe umezoea kubeba viatu, ndiyo shida yako."

"Na wewe umezoea karatasi, kwa hiyo kila kitu kwako ni kopi. Hata mume utataka upewe kopi, orijino ibaki kwao."

Mzee wa barua akacheka mpaka akakohoa. Dada hakucheka. Akazima mashine, watu wakanung'unika, akachukua penseli na kunichorea nyuma ya kopi iliyoharibika.

"Nisikilize, halafu uondoke, unanifukuzia wateja. Kabla hujaleta thelathini, rejista ilikuwa na nini?"

"Haikuwa na kitu."

"Hapo ndipo unapoanguka. Rejista haiwi tupu hata siku moja. Ina kitu, hata kama ni takataka ya kazi iliyopita. Nyaya zake zimekaa mkao fulani. Ukisema LETA, zinakaa mkao ule ule wa kisanduku cha saba. Basi. Hakuna kilichosafiri. Cha saba kimesomwa tu. Kilichopotea ni kile kilichokuwemo kwenye rejista."

"Kwa hiyo hasara iko kule unakofika."

"Ndiyo."

"Kule unakotoka hakuna hasara."

"Hakuna."

"Dada, hii ni biashara ya wapi?"

"Si biashara. Nenda zako."

Nilikatisha viwanja vya Mnazi Mmoja kwa hasira, naongea peke yangu, watu wananipisha. Ilinikera kuliko kufeli kwenyewe. Maisha yangu yote nimelinda kule ninakotoka. Nikichukua kiatu, jicho langu liko kwenye rafu iliyobaki na pengo, maana pengo ndilo linalonidai. Nikifika kwa mteja sina wasiwasi, mikono ya mteja haijawahi kufuta kitu. Sasa naambiwa rafu haina pengo kamwe, ila mteja akipokea kiatu, mguu aliokuja nao unatoweka. Na aliyebuni mambo haya, nilijiambia, hakuwahi kufungua hata kibanda cha pipi.

Wiki zilizobaki nilifanya mazoezi mpaka mke wangu akachoka. Niliweka sahani mezani, nikaziita visanduku, nikaandika namba kwa chaki. Kila nikisema LETA, mkono wangu wenyewe unakwenda kufuta sahani niliyotoka. Nikajipiga kibao cha mkono. Tena unakwenda. Mke wangu akauliza kama hicho cheti kina dawa yake.

Mtihani wa kurudia ulikuwa wa ubaoni, mimi na mwalimu, na mwalimu mwingine pembeni kama shahidi. Swali: kisanduku cha saba kina thelathini, cha tisa kina kumi na mbili. Vibadilishane. Amri zisizidi nne.

Kwa mtindo wangu wa kurudisha viatu, amri nne zisingenitosha hata kwa salamu. Jasho likanitoka kama niko Msimbazi. Nikaandika ya kwanza: LETA kisanduku cha saba, rejista ya kwanza.

"Kisanduku cha saba sasa kina nini?" mwalimu akauliza.

Mwili mzima ukaniambia tupu. Miguu ikaniambia tupu. Nikashika ukingo wa ubao.

"Thelathini."

"Na rejista ya kwanza?"

"Thelathini pia. Na sijafurahi, mwalimu, ila ndivyo ilivyo."

Yule shahidi akainamisha kichwa kuficha kicheko. Mwalimu akasema niendelee. Nikaanza kuandika WEKA rejista ya kwanza kwenye kisanduku cha tisa, maana winga akishika mzigo anaupeleka, hasubiri. Nimefika katikati ya neno nikaiona ile kumi na mbili imekaa pale kwenye cha tisa, haina habari. Hasara iko kule unakofika. Ningeweka thelathini juu yake, kumi na mbili ingekufa, na hakuna dunia ambayo ningeipata tena.

Nikafuta kwa kiganja. Nikaandika LETA kisanduku cha tisa, rejista ya pili. Sasa kumi na mbili ilikuwa imeshikwa. Kisha WEKA ya kwanza kwenye cha tisa. Kisha WEKA ya pili kwenye cha saba. Nne.

Sikuondoka ubaoni. Rejista zangu mbili zilikuwa bado zina thelathini na kumi na mbili, na mimi nimesimama na kalamu, kiganja kinaniwasha.

"Umemaliza?" mwalimu akauliza.

"Mwalimu, hizi bado zimeshika mzigo."

"Ziache hivyo hivyo."

"Nisirudishe popote?"

"Usirudishe."

Niseme kweli, amri nne zilikuwa nyepesi kuliko kuweka ile kalamu chini. Niliondoka pale kama mtu aliyetoka dukani na viatu viwili vya kulia, namsubiri mwenye duka apige kelele. Hakuna aliyepiga. Mwalimu akaandika alama, akanionyesha karatasi. Nilikuwa nimevuka kwa upana wa unywele, tena unywele wa mtoto mchanga.

Asubuhi nikaenda moja kwa moja dukani. Mama alikuwa anapanga sandali.

"Shikamoo, mama. Nimepita."

"Marahaba. Somo lile lile lililokuangusha?"

"Lile lile."

"Haya, lilikuwa linasema nini hata likakutesa hivyo?"

Nikamweleza. Nikachukua sandali mbili kama mfano, nikaona hazifai, nikaziweka. Nikamwambia namba ikitoka kwenye kumbukumbu kwenda rejista haitoki kweli. Inaonekana huku, na kule ilikotoka bado ipo. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni.

"Kwa hiyo kinahama na hakihami."

"Ndiyo, mama."

"Na umelipa ada kufundishwa hivyo."

"Ndiyo, mama."

Akaenda kwenye kompyuta, akavuta kile kitambaa, akakikung'uta vumbi mlangoni, akakikunja. Akakisogeza kiti kwa mguu kuelekea kwangu.

"Kaa. Lakini viatu vyangu vikihama, vihame."

Nikakaa. Feni ilikuwa imesimama, umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri.