Msusi Asiyesukwa

Wanawake wa Migori wanaijua mikono ya Rispa Werema. Akikusuka leo, wiki ijayo mumeo bado anauliza hicho kichwa umeazima wapi. Lakini kichwa chake mwenyewe, miaka thelathini na sita, hakijawahi kuonja msuko. Hukifunga kitambaa asubuhi mpaka jioni, kama sufuria ya wali usioiva.

Alizaliwa upande wa Isebania, kwa mzee wa kanisa la Sabato aliyeona msuko na hereni kuwa dhambi. Kila Ijumaa kabla jua halijatua, baba aliwapanga mabinti ukutani, akawapekua vichwa na masikio kwa mpini wa kitana. Polisi wa mpakani wangejifunza kwake. Aliyepatikana na hata kamstari kamoja ka kitana alisimamishwa kesho yake mbele ya kanisa zima. Rispa alisimamishwa akiwa na miaka tisa. Tangu hapo anaona wapelelezi kila mahali. Mteja akija na sketi ndefu, ametumwa. Akiuliza bei mara mbili, anaandika ripoti. Hata mimi, ninayetengeneza simu mlango wa pili, aliniuliza nasali wapi. Nikamwambia kwa sasa nasali stima irudi, taa ziwake. Hakucheka.

Mwezi uliopita mzee Werema aliugua, akatangaza: binti mwenye kichwa cha mapambo asikanyage boma lake, hata siku ya mazishi.

Adhiambo, jirani yetu wa mitumba, aliposikia alishika kitana. "Hujawahi kusukwa na bado unatetemeka. Si afadhali utetemeke ukiwa umependeza? Kaa chini!"

Rispa akakaa. Tuta la tatu la nywele lilikuwa halijaisha Shangazi Boke alipotokea mlangoni. Ni dada yake baba, anayeishi naye bomani na kumpikia. Rispa alinyakua kitambaa.

"Baba amekutuma."

"Nimekuja hospitali ya macho. Kwani huku Migori shikamoo iliisha?"

"Shikamoo, Shangazi. Amekutuma?"

"Yawa!" Adhiambo akasema. "Mpe mtu kiti kwanza, ndio umhoji."

Shangazi aliketi, akafungua kitambaa chake. Rispa hakuwahi kuyaona masikio yale. Ndewe zilikuwa na makovu manene. Alipokuwa msichana zilitobolewa na kuvutwa kwa vijiti, desturi ya Wakuria. Kabla ya ubatizo zikakatwa, zikashonwa.

"Baba yako ndiye aliyenishika kichwa wakishona. Akasema uzi ukitoka, aibu imetoka. Nina miaka sabini, mwanangu, na bado najifunga nikienda kuteka maji. Maliza kichwa chako."

Mtu mwingine angelia. Rispa alimtazama juu mpaka chini.

"Mtego mzuri sana huu."

"Mtego gani?"

"Kama si mtego, uanze wewe."

Adhiambo alicheka hadi akashika ukuta. Shangazi alisogeza kiti chake mbele ya kioo. "Usivute. Nywele zilizobaki ni za kuhesabu."

"Na baba akitufungia boma?"

"Atufungie sote wawili. Uji atapikiwa na kwaya."

Rispa alimsuka matuta sita meupe, akayapitisha nyuma ya masikio bila kuyafunika. Kisha akampiga picha ya mbele, makovu na yote, akaniletea simu niitunze picha mahali pawili, iwe ushahidi Shangazi akimgeuka. Aliporudi akatupa kitambaa juu ya kabati, akamgeuzia Adhiambo kisogo.

"Endelea."