Sanduku Lililojaa Salamu za Ijumaa

Mwalimu Mahfudh wa Ibri alijisifu siku zote kwamba hajapata kushindwa na kompyuta. Basi Alhamisi ile, hotelini Tunis, akapatikana. Mkewe Zuweina alikuwa apasuliwe jicho kesho yake, na daktari alishasema wazi: bila vipimo vya zamani kutoka hospitali ya kwao Oman, hamgusi, na zamu yake anapewa mwingine. Zamu nyingine ni baada ya miezi miwili, na jicho lisingengoja. Hospitali ile haitumi vipimo ila kwa baruapepe, na ilikuwa inafunga saa nane mchana, ambayo Tunis ni saa tano asubuhi. Ijumaa na Jumamosi kwao ni mapumziko.

Saa tatu alituma ombi kwa mtandao wa hoteli. Halikutoka. Akazima, akawasha, akabadilisha nywila, wapi! Mwisho akajitumia barua mwenyewe kwa mtandao wa simu, ikaondoka mara moja. Kumbe kosa ni la hoteli! Kwamba barua yenyewe haikumfikia, hilo hakuliona; furaha ilikuwa imempanda kichwani. Akapeleka ombi upya.

"Limekwenda?" aliuliza Zuweina.

"Limekwenda. Si nilikwambia?"

Ikapita nusu saa, ikapita saa nzima, kimya. Saa nne na nusu simu ikalia. Alikuwa Bi Raya, karani wa hospitali.

"Mwalimu, vipimo nimekutumia mara tatu vinanirudia! Sanduku lako la barua limejaa. Futa vitu, mie saa nane naondoka, nina wageni nyumbani."

Aliyelijaza ni dada mkubwa wa Mwalimu, Bi Thuraya. Kila Ijumaa, miaka tisa bila kukosa, humpelekea picha kubwa kubwa za salamu: mawaridi, Kaaba, aya za Kurani kwa rangi ya dhahabu. Mwalimu hakuwahi kufuta hata moja. Afute aya kwa mkono wake, tena mkewe anapasuliwa kesho? Alikaa kidole juu ya kitufe cha kufuta, hakibonyezi.

"Baba Khalfan, futa!" mkewe akamhimiza.

"Maneno ya Mungu hayo, Zuweina!"

"Basi mpigie dada yako umwombe ruhusa. Lakini upesi, jicho nililobaki nalo ni hili moja."

Akampigia.

"Dada, zile salamu zako za Ijumaa... nikizifuta utanikasirikia?"

"We! Kwani unaziweka?" Bi Thuraya akacheka mpaka akakohoa. "Maskini ndugu yangu! Mie mwenyewe sizisomi, naletewa napeleka. Kurani iko msahafuni, haipungui kitu. Futa, mkeo atapofuka!"

Akapiga bismillahi, akafuta zote, mia nne na ushee. Saa tano kasoro dakika nne, vipimo vikaingia. Akampelekea daktari papo hapo, na jibu likaja kabla hajaiweka simu chini: kesho saa mbili asubuhi, mgonjwa aje bila kula.

Mwalimu, mtu mzima na ndevu zake, akalia kwa sauti, alhamdulillahi juu ya alhamdulillahi. Zuweina akamsogelea, akampapasa uso.

"Nyamaza basi. Na nenda kwa kinyozi, ndevu hizi zimekuwa kichaka. Nikifunguliwa bandeji wa kwanza kumwona ni wewe, usije ukanitisha."

Akajifuta machozi, akaenda kunyoa.