Jina Lililomnyamazisha

Nikiwa na miaka minane, tukikaa chumba kimoja kule Munyaka, mama alijifungua mtoto wa kike ambaye hakujua kazi nyingine ila kulia. Baba, aliyekuwa akifanya vibarua vya mjengo, akampigia simu mama yake huko Bungoma. Kukhu, ndivyo kwetu tunavyomwita nyanya, alifika na kuku, unga wa wimbi, na jibu tayari: mtoto analilia jina. Kuna marehemu wa ukoo anayetaka kurudi, na mtoto hatanyamaza mpaka atajwe huyo.

Akaketi kitandani, akaanza kuwataja. "Ni wewe Nekesa? Basi nyonya. Ni wewe Nafula? Nyonya, mama, tukujue." Kwa kila jina mama alimpa titi, na mtoto akalikataa. Siku mbili wafu wetu walipita chumbani mle, na nitasema ukweli, nilifurahia sana.

Jina moja Kukhu aliliruka. Nasimiyu alikuwa dada mdogo wa baba, aliyenisuka nywele kila Jumapili hadi alipofariki bila kuzaa. Kwetu jina la aliyekufa bila mtoto halirithishwi. Nilijua hivyo, lakini shangazi yangu nilikuwa nimemkosa mno. Asubuhi ya tatu, Kukhu akiwa nje anafua nepi, nilimwinamia mtoto mikononi mwa mama, nikasema, "Nasimiyu."

Akanyamaza.

Mama alilia kwa furaha. Kukhu alipoambiwa alinitazama, akaguna. "Kama ameitika, sisi ni nani tukatae?" Mchana kutwa tulinyata. Hakunyonya, tukasema amechoka kulia, alale.

Jioni Mama Wanjiru, jirani mwenye duka, alikuja na pakiti ya sukari kumwona mtoto. Alimgusa tumbo, akabadilika uso.

"Mama Naliaka," akamwambia mama, akimwita kwa jina langu, "huyu mtoto amelegea. Hii si usingizi. Twende hospitali saa hii!"

Mtoto hakurudi nyumbani. Daktari alimwambia baba kwamba ugonjwa uliingilia kitovuni, na kwamba mtoto alinyamaza kwa sababu nguvu zilimwisha.

Hakuna aliyenilaumu. Kukhu alisema tu, "Mimi ndiye nilisema analilia jina," na hakumwita tena mtoto yeyote majina ya marehemu. Lakini kwa miaka mingi niliamini shangazi alikuja kwa sababu nilimwita, akaondoka naye.

Sasa naishi Kapsoya, na wiki iliyopita nilijifungua msichana. Najua tulichokosea. Yule mtoto alikuwa akituambia anaumwa, nasi tukawa tunamuuliza ni nani. Najua, na bado nikimwinamia huyu wangu sithubutu kulitamka jina lile.

Mama hunipigia simu kila asubuhi. Hata hanisalimii.

"Analia?"

"Analia, mama. Majirani wamechoka na sisi."

"Wacha alie." Nasikia anapumua. "Haya. Na wewe, umeamkaje?"