Kuku Mdogo wa Kuazima

Nilibadilisha mbuzi mchanga kwa kuku wawili pale sokoni Silibwet, jogoo na jike, na mama hakuniongelesha hadi kesho yake jioni. Lakini kuku wenyewe ungewaona. Brahma, wale wakubwa wanaokufikia gotini, miguu imeota manyoya hadi vidoleni kama wamevaa soksi. Nikaanza kuota mchana: boma letu limejaa kuku hao, na watu wanatoka hata Longisa kuja kuwatazama.

Kitu ambacho sikufikiria ni mvua. Huku kwetu kwenye majani chai, mvua huja kila mchana kama mtu aliyeandikwa kazi. Matope yalishikana kwenye soksi za jogoo, yakakauka, yakamfinya. Akawa anatembea polepole akiinua mguu juu, nami nikamsifu kwamba anaringa. Siku nilipomshika nikamwosha kwa maji ya uvuguvugu, kidole kilikuwa kimeoza. Hakumaliza wiki. Nilimzika mwisho wa mstari wa chai, na nililia kuliko nilivyomwambia mama.

Jike alikuwa ameanza kulalia mayai manane. Hayo tu ndiyo yaliyobaki ya yule jogoo. Sasa kuku mzito namna ile akikalia mayai ni kama uyakalie wewe. Kila asubuhi nilikuta moja limepasuka. Yalipobaki matatu nikayafunga kwa sweta, nikakimbia kwa jirani yetu, mama mzee tunayemwita kogo, yaani nyanya, ingawa si wa ukoo wetu. Alikuwa na kuku wa kienyeji, mweusi, mdogo, aliyekuwa ameshaanza kulalia kwenye kikapu kitupu.

"Niazime huyo, kogo."

"Desturi unaijua?"

Niliijua. Kuku wa kuazima akiangua, mwenye kuku ndiye wa kwanza kuchagua kifaranga. Nikakubali, nikambeba na kikapu chake hadi kwetu.

Yai moja lilikuwa viza. Mawili yakaanguliwa. Safari hii sikungoja mtu aringe: kila jioni niliwaosha miguu, nikawakausha kando ya moto jikoni. Kufika miezi miwili walikuwa wamemshinda mama yao kimo, lakini mvua ikinyesha bado walisukumana kuingia chini ya mabawa yake. Yeye akawa anainuliwa juu, macho yamemtoka, na hashuki.

Ndipo kichwa cha mmoja kikaanza kuwa chekundu. Jogoo. Mwingine alikuwa jike. Bila huyu jogoo mchanga ndoto yangu ilikuwa imeisha, na wa kuchagua hakuwa mimi.

Kogo alikuja akakuta mvua, na kuku wake akiwa juu ya watoto.

"Huyu ameangua kuku ama ndama?"

Akawashika mmoja mmoja, akiwapima kwa mikono. Nilikuwa naomba kimoyomoyo macho yake yasione vizuri.

"Nachukua huyu wa kichwa chekundu."

"Sawa, kogo."

"Mbona unaongea na miguu yako?"

"Nimefurahi tu."

"Furaha gani hiyo inaangalia chini?"

Nikamweleza yote, jogoo wa kwanza na mayai manane. Akasikiliza huku amemkumbatia jogoo kifuani, miguu safi inaning'inia.

"Jogoo ni wangu," akasema. "Sirudishi. Lakini kati yangu na wewe kuna ukuta? Kuna ua wa miti tu. Jike wako akikua, mpitishe aje kwa jogoo."

Akaenda, jogoo kwapani, kuku mweusi mkononi. Yule jike mdogo akawafuata akilia hadi kwenye ua, akaingiza kichwa kwenye tundu ambalo kuku wetu wote wa kienyeji hupitia, akakwama mabegani.

Nikamtoa taratibu, nikaenda kutafuta panga. Nilikata matawi hadi jioni. Mama akapita, akatazama tundu lilivyopanuka, akauliza sasa ni mbuzi gani nimenunua.